Niliacha Vidonge Sababu ya Kunawishwa Miguu

Bandugu na badada, asanteni kunipa nafasi. Muniache niseme nikikaa. Mkono huu ukianza kutetemeka, hii micro ya kusemea itawapigia ngoma.

Mi njo fundi wa nguo, mutu wa Bukavu, kule Congo. Benye kufika hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka miaka ya elfu mbili na kitu banakumbuka mashini yangu pembeni ya soko. Ah, zile siku! Bamama banaleta pagne, tunaimba tukishona mpaka jua linashuka. Nilishonea hata wakubwa wa serikali kule Capital Hill. Nilikuwa napanda minibus mpaka Lilongwe, suruali tano kwenye mkono, zimepigwa pasi, najisikia directeur. Nazikumbuka sana, siwafichi.

Kisha mkono wa kuume ukaanza kutetemeka, nikashindwa kuingiza uzi kwenye sindano. Hospitali ya Lilongwe bakaniambia ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Bakanipa vidonge, mkono ukatulia, nikarudi kwenye mashini. Baadaye bakaongeza dawa ya pili. Miezi ikapita, siku moja naona miguu yangu, mpaka magoti, imejichora mistari ya zambarau kama wavu wa ndagala. Haikuwasha, haikuuma. Lakini ilinitisha.

Sasa musikie ujinga yangu. Munajua kanisani kwetu, mbele ya Meza ya Bwana, tunanawishana miguu, wanaume kwa wanaume. Miaka yote mwenzangu alikuwa mulimaji mmoja wa Fizi, umri wangu. Nilikuwa namuchokoza: "We mutu wa muhogo, polepole, utanitoa ngozi!" Naye: "Bantu ba Bukavu, hata miguu yenu inataka parfum."

Nikawaza, huyu akiona hii, atasema nimerogwa, ao niko na ukoma. Nikavaa soksi hata mbele ya bibi yangu wa ndoa. Na juma moja mbele ya siku ya kunawishana, nikawaza labda vidonge njo vinaleta mistari, nikaacha vyote, ili miguu isafike. Dokta sikumuuliza.

Ndugu zangu, nawaambia, haikusafika. Siku ile bakanishusha kanisani kwa kabaza, baiskeli ya kubeba watu, bakanikalisha kwenye kiti, sikuweza tena kuinama. Mwili ulikauka kwa kukosa vidonge. Mwenzangu akangoja nivue soksi, nikalia mbele ya kanisa zima. Akapiga magoti, akazivua mwenyewe, akaona. Halafu akaosha, polepole, kuliko miaka yote.

"Ndugu," akasema, "unaumwa hivi na hukuniambia mimi?"

Kesho yake akanipeleka Lilongwe. Dokta alikasirika: "Mistari hii ni ile dawa ya pili njo inaleta. Haiambukizi mtu. Lakini kuacha dawa zote ghafla, ungeweza kufa!" Akanirudisha kwenye ile ya kwanza, ya pili akaipunguza kidogo kidogo. Mistari ikafifia, nikasimama.

Namushukuru bibi yangu, aliyekanda miguu hii na hakuniuliza kwa nini nilimuficha. Namushukuru dokta na makali yake. Na we unayekunywa dawa, ukiona kitu kwenye ngozi, kaonyeshe hospitali. Usikate dawa kwa kichwa yako, usijifiche.

Yule wa Fizi alipata safari ya wakimbizi kuhamishwa, iko nchi ya mbali na batoto yake. Namukosa, bandugu, namukosa sana. Siku ya Mungu inayokuja tunanawishana tena. Miguu yangu ingali na alama kidogo, sitavaa soksi. Nani atakuja kupiga magoti mbele yangu, na mi nimunawishe yake?