Kiongozi wa Rimoti

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Kinyozi, ng'ambo ya ukumbi wa baraza, na ukitaka habari kabla haijatokea, njoo ukae hapa. Leo tulikuwa watatu na birika la kahawa: Kinyozi, aliyekuwa akimnyoa mteja ndevu hapo mlangoni, Redio, ambaye hazimwi, na mimi fundi viatu. Sote ukoo wa Mtoni. Serikali hatimaye imekubali kuturudishia msitu wa mababu tuutawale wenyewe, mradi tuchague kiongozi leo. Tukishindwa, afisa anaweka wa kwake. Na kwa desturi yetu neno halipiti mpaka kila ukoo uwe na mtu wake mkekani. Tangu asubuhi afisa yuko mle ndani, na sisi huku tunanuna.

Kinyozi: Wanachelewa nini hawa?

Redio: Geresha tu. Kiongozi alishachaguliwa zamani, pale wanamalizia soda.

Kinyozi: Nani?

Redio: Shemeji yake afisa.

Kinyozi: Afisa hana mke. Nimemnyoa mimi, kanieleza yote.

Redio: Ndipo ujue mambo ni mazito. Mke atatafutwa baadaye.

Mimi: Nilivyosikia mimi, hawataki mtu kabisa. Wanaleta mashine. Wao wakibonyeza kule mjini, huku inaitikia ndiyo.

Kinyozi: Ya rimoti?

Mimi: Ya rimoti.

Kinyozi: Basi betri zikiisha tuko huru.

Redio: Thubutu. Wataleta ya sola, halafu watasema na jua ni lao.

Akatoka ukumbini mke wa mpwa wangu, bibi harusi wa juzi, ambaye bado hajajifunza kutuogopa.

— Shikamooni, wajomba.

— Marahaba, mwanetu. Wamefika wapi mle?

— Hata hawajaanza. Mkeka mmoja uko mtupu na afisa anafunga mkoba wake. Hivi, wajomba, ukoo wa Mtoni mmemtuma nani?

Kinyozi akanitazama. Mimi nikamtazama Redio, maana tangu jana nilijua atakwenda yeye. Redio akachungulia kikombe chake, kana kwamba mjumbe wetu yumo humo ndani. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

Ng'ambo, dereva wa afisa akawasha gari.

Kinyozi alikuwa keshavuka barabara, kamwacha mteja na nusu ya ndevu. Nikamfuata mbio na kiatu cha watu mkononi, nikimwomba Mungu gari lile liwe bovu kidogo.