Wale ni Wengine

Mheshimiwa Diwani, waheshimiwa wachungaji wa makanisa yetu matatu, wazee wa Kamati ya Umoja, akina mama wa kwaya, ndugu wageni waalikwa mliokaa kwenye mabenchi mapya, na nyie ndugu zangu mliosimama juani: Bwana asifiwe.

Leo ni Jumapili, tarehe 13 Oktoba 1996, na mimi Mwandu nina miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke kwetu Kwimba kuja kupasua mbao katika misitu ya Mpanda. Nimesoma mpaka darasa la nne. Kamati imeniagiza nishukuru kwa niaba ya wapasuaji na niseme kidogo habari za upendo. Nitajitahidi.

Naanza na pongezi. Kamati ilipoagiza mabenchi haya kwa ajili ya Sikukuu ya Umoja, iliona vema kila kanisa lipasuliwe mbao zake na waumini wake. Ni busara kubwa, maana nani angependa kukalia umoja uliopasuliwa na mkono wa kanisa jingine? Mimi na Zefania tulikuwa tumevuta msumeno mmoja miaka miwili, mimi juu ya gogo nikifuata mstari, yeye chini akila vumbi la mninga, na hatukuwahi kuulizana ubatizo. Akichoka, nilijua kwa msumeno. Tukatenganishwa. Mimi nikapewa mtu wa kanisa langu, yeye akapewa Ezekia wa kanisa lake. Ezekia, nakuona pale, usiiname. Zaburi unazijua kuliko sisi wote, ila habari ya kabari inayozuia gogo hukufundishwa na mtu. Uliichomoa Zefania akiwa bado chini, gogo likabingirika, likamvunja mguu. Silaumu. Ulichaguliwa kwa imani, na imani unayo.

Hii ni wiki ya tatu. Mganga wa mifupa amemfunga vijiti, lakini mguu umevimba, kidonda kinatoa harufu, na daktari ametuma neno kwamba akicheleweshwa kufika hospitali mjini utakatwa. Gari halifiki kambini. Ni mwendo wa nusu siku, vilima na mto, na machela kwa njia ile inataka zamu tatu za watu wanne. Sisi kambini tumebaki wanaume watatu. Tulijaribu, mpishi wetu Lusia akishika pembe ya nne, tukaishia mtoni, tukamrudisha.

Msidhani makanisa yalimsahau. Alhamisi iliyopita yalikuja yote matatu, siku moja, njia moja, kila kundi likiacha hatua mia nyuma ya jingine na likiimba wimbo wake. Lusia, ambaye hana kanisa linalomtaka kwa sababu ya pombe anayouza, alitoka jikoni kwa furaha akauliza wamekuja wangapi.

"Sisi wanne, mama," akasema mzee wetu mmoja.

"Na wale?"

"Wale nadhani watano. Wa nyuma kabisa ni wanne."

"Basi mko kumi na watatu. Mnatosha zamu tatu, na mmoja wa kuwabebea Biblia."

"Hapana, mama," akamjibu kwa upole. "Sisi tuko wanne. Wale ni wengine."

Wakamwombea. Kila kundi lilingoja jingine litoke ndani ndipo liingie, na maombi ya tatu yalikuwa marefu zaidi, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamesikia ya pili. Wakala ugali wa Lusia, wakaondoka, vilevile kwa hatua mia. Zefania akanitazama. "Kaka," akasema, "nimeombewa mara tatu, na bado niko hapa."

Asubuhi hii tumehubiriwa kwamba Mungu anakaa ndani ya kila apendaye, na kwamba kwa huyo akaaye ndani yetu sisi tu kitu kimoja. Nimeamini. Nina swali tu la mtu wa darasa la nne: Alhamisi ile, ndani ya wale kumi na watatu, alikuwa amekaa Mungu mmoja au watatu? Na kama ni mmoja, alifika, akamwona Zefania, kisha akakubali kurudi mjini mikono mitupu? Mimi sidhani. Nadhani alibaki kule, ndani ya yule muuza pombe anayeosha kidonda kila asubuhi.

Naondoka hapa saa nane, napita njia ya Shanwe kurudi kambini kumchukua Zefania. Nahitaji watu kumi na wawili. Sitawapanga kwa makanisa, nitawapanga kwa mabega, mfupi na mfupi, mrefu na mrefu, kwa sababu machela ikiinama mgonjwa anaanguka. Ezekia analingana na mimi. Atashika mbele pamoja nami, akitaka.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Kwetu nimeandika barua kwamba nitafika kabla ya Krismasi, kama mguu wa mwenzangu utapona. Ukikatwa, nitabaki hapa nimlimie, na mke wangu Nyamizi asinitegemee mpaka baada ya mavuno.