Nishani Arobaini za Sonara wa Malindi

Enyi mliotoka Malindi ya hapa Unguja na Chwaka kuja kumzika, tunawasomea ya marehemu Himid bin Shamsi kama alivyoishi, na pale alipokosa hatutamfichia, maana mwenyewe hakujificha.

Alizaliwa Chwaka, Mei 1863, akahitimu Kurani akiwa na miaka tisa, akaletwa Malindi kwa ami yake kujifunza usonara, na mwaka 1887 akamwoa Bi Hamda binti Salem, wakajaaliwa Bahiya na Shariffa, wanaomlilia ndani sasa hivi.

Jumanne, tarehe 25 Agosti 1896, Seyyid mpya alikalia kiti cha usultani, manowari za Waingereza zikajipanga bandarini kumtaka ashuke, na kesho yake ikaja amri ya nishani arobaini za fedha zenye jina lake, ziwe tayari Alhamisi asubuhi. Hamoud, mdogo wa marehemu Himid, askari wa jumba la Seyyid, alizifuata saa moja na nusu, akamsihi, "Kaka, nipe nipeleke nirudi, saa tatu Waingereza wanapiga!" Marehemu, kwa kiburi cha kazi, akamjibu kuwa fedha ya Seyyid haitoki kwake na ukungu, akazisugua kwa ukwaju moja moja, zote arobaini, na Hamoud akaondoka nazo kifuani saa tatu kasoro robo.

Mizinga haikulipiga jumba hata saa nzima, lakini jamani, watu walikatika vipande, na adhuhuri Himid alimtambua mdogo wake kwa nishani zilizomzama kifuani, akazing'oa kumi na moja kwa koleo yake mwenyewe, huku analia kwa sauti. Seyyid alikimbia akanusurika.

Askari wa Seyyid aliyefuata walipozitaka ziyeyushwe, alitoa kumi, ya mwisho akakataa katakata kwa kuwa ina damu ya nduguye, wakamvunja vidole vya mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki, naye hakusema ilipo.

Akafanya kazi kwa mkono wa kushoto, na mwaka 1908 zilipokuja sarafu za jina la Seyyid mwingine, akawatilia wanawake vitanzi vya kuzivalia shingoni, ila ukwaju haukuingia tena dukani mwake, wala kwenye mchuzi wa nyumbani.

Aliugua kifua tangu Ramadhani, akafariki jana, Alhamisi, tarehe 13 Machi 1913, alasiri. Tunamshukuru tabibu aliyemwangalia, majirani, na masonara wenziwe waliofunga maduka. Ameusia nishani ile, nyeusi kama ilivyo, isisuguliwe.

Hamoud, mpokee kaka yako. Alikuchelewesha saa moja na robo, akakuomba radhi miaka kumi na sita. Msamehe, alale.