Miezi ya Ngamia

MAMA IJJA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, niko juu ya paa, huku upepo mtupu.

ADDI: Ni mimi, mama. Addi. Salaam alekum.

MAMA IJJA: Alekum salaam. Addi yupi, wangu wa Hispania au yule wa muuza mkaa?

ADDI: Mwanao, mama.

MAMA IJJA: Ah, nilijua utapiga. Hujambo? Umekula? Hao tembo unaowaosha hawajambo?

ADDI: Wazima wote. Mama, kadi yangu ya simu inakaribia kuisha. Tuda yuko wapi?

MAMA IJJA: Tende mwaka huu nzuri sana. Nimezianika hapa hapa, nafukuza nyigu tu—

ADDI: Mama. Mke wangu yuko wapi?

MAMA IJJA: Kwao.

ADDI: Na mtoto?

MAMA IJJA: Mtoto anafuata maziwa. Kwao.

ADDI: Umemfukuza mzazi wa siku tano?

MAMA IJJA: Nani kamfukuza? Nilimfungia mkate na mayai, nikamfungulia mlango.

ADDI: Keshokutwa ni siku ya saba, mama. Mtoto anapewa jina. Kondoo yuko?

MAMA IJJA: Kondoo wapo, wanakula majani.

ADDI: Asipochinjwa kondoo wa nyumba yetu, kijiji kizima kitasema mtoto si wetu.

MAMA IJJA: Kijiji hakingoji kondoo, mwanangu. Kina vidole. Wewe uliondoka hapa mwezi gani?

ADDI: (mkwaruzo) Sikusikii vizu—

MAMA IJJA: Unanisikia sana. Mwezi wa nane, mwaka jana. Leo ni mwezi wa tisa. Kumi na mitatu hiyo. Hiyo ni mimba ya ngamia, Addi.

ADDI: Mtoto alilala tumboni. Si ndivyo mnavyosema wenyewe huko? Baba akisafiri, mtoto analala mle mle. Akichoka kulala, anaamka, anazaliwa.

MAMA IJJA: Wa kulala walikuwa wa zamani. Siku hizi barabara imefika, malori yanapiga honi usiku kucha. Mtoto gani atalala?

ADDI: Mwalimu wa msikiti anasemaje?

MAMA IJJA: Mwalimu kapelekewa kuku na mama yake Tuda. Anasema alilala. Angepelekewa mbuzi, angesema walilala wawili.

ADDI: Basi nisikilize mimi. Nimemuuliza daktari wa hapa kazini, kwenye bustani ya wanyama. Anasema mimba haina kipimo kimoja. Tembo anabeba miezi ishirini na miwili.

MAMA IJJA: Tuda ana mkonga?

ADDI: Yuko mnyama mmoja wa Marekani, siku kumi na mbili tu, keshazaa.

MAMA IJJA: Anakimbilia wapi?

ADDI: Dubu sasa. Dubu anashika mimba wakati wa joto, inakaa tu mle, haikui, mpaka baridi ikikaribia ndipo ina—

MAMA IJJA: Huyo daktari ulimwambia unamuulizia mkeo?

ADDI: Nilisema ni rafiki.

MAMA IJJA: Sasa atakuuliza rafiki yako anaishi pango gani.

ADDI: Mama, sicheki.

MAMA IJJA: Na mimi sicheki. Nimezalisha wanyama wa bonde hili tangu hujaota meno. Sungura mwezi. Paka miwili. Mbuzi mitano. Ng'ombe tisa, na sisi wanawake tumepangwa hapo hapo na ng'ombe. Punda mwaka mzima, maana yule hata kutoka anabisha. Hajaja mtu hata mmoja kuniambia mbuzi wake kalala.

ADDI: Nampenda Tuda.

MAMA IJJA: Hilo sijalikataza.

ADDI: Basi mrudishe.

MAMA IJJA: Naona aibu, Addi. Nikifika kwenye tanuri la mkate, wananyamaza wote. Unawajua wanawake wale. Wakishaanza kuhesabu, hawaishii kwa mmoja.

ADDI: Yuko mnyama mwingine nilimuulizia. Nilitaka wa miezi kumi na mitano.

MAMA IJJA: Kumi na mitano ya nini? Tuda ni kumi na mitatu.

ADDI: Yupo. Ni twiga.

MAMA IJJA: Nimekuuliza ya nini.

ADDI: Simzungumzii Tuda.

MAMA IJJA: (upepo) Mtandao huu nao, mara unakuja mara—

ADDI: Mtandao mzuri, mama. Baba alipanda basi la kwenda machimboni Ufaransa mwezi wa pili. Mimi nilizaliwa mwezi wa tano. Mwaka uliofuata.

MAMA IJJA: Ulilala.

ADDI: Nililala, sikatai.

MAMA IJJA: Kila mtu alijua ulilala. Bibi yako mwenyewe aliwaambia watu—

ADDI: Baba alihesabu.

MAMA IJJA: Nani kakwambia?

ADDI: Yeye mwenyewe. Siku zile za mwisho, kifua kimembana, mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani. Alisema habari ya kuzaliwa kwangu ilimkuta kule chini ya ardhi. Akahesabu kwa vidole. Kulipokucha akahesabu tena. Kisha akampelekea kaka yake salamu: mtafutieni mtoto wangu kondoo, awe mwenye pembe.

MAMA IJJA: Alihesabu.

ADDI: Mara mbili.

MAMA IJJA: Miaka thelathini, Addi. Kila likizo ananiletea viatu, anakuogesha wewe kwa mikono yake. Hajawahi kuniangalia vibaya, hata siku moja. Mimi nilijua hesabu hajui.

ADDI: Alitaka ujue hivyo.

MAMA IJJA: (upepo) Mwanaume yule. Nilimkaripia kwa sababu ya chumvi wiki ile ile aliyokufa.

ADDI: Mama, unalia?

MAMA IJJA: Ni upepo. Na wewe?

ADDI: Silii.

MAMA IJJA: Sikuulizi hilo. Nauliza, na wewe umehesabu?

ADDI: Mimi naosha tembo, mama. Hesabu nitaijulia wapi?

MAMA IJJA: Basi kata simu. Nashuka.

ADDI: Unakwenda wapi? Kadi inalia, imebaki kido—

MAMA IJJA: Kwa kina Tuda. Namchukua yeye na mjukuu wangu. Tutapita tanurini, ndiyo njia fupi.

ADDI: Saa hizi wanawake wote wako pale. Watakuona nao.

MAMA IJJA: Wanione. Wahesabu wapendavyo, na waanzie kwangu. Haloo? Addi?