Mama Madumu na Jedwali Alilokataa Kulitia Sahihi

Ndugu waombolezaji, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho, ninayekula kwa uwakili, na kwa kuwa kazi hiyo imenizoesha kutosema nisichoweza kukithibitisha, mtanivumilia nikitenganisha niliyoyaona na niliyoyasikia.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Madumu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili wa dereva wa treni na mshona nguo. Cheti cha shule kinataja mwaka 1959, lakini mama alisema 1958, nami nimemwamini mama, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, sekondari ya wasichana hadi 1977, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya takwimu mwaka 1981. Mwezi Julai mwaka huohuo aliajiriwa katika ofisi ya takwimu, kitengo cha nishati, ambacho kazi yake ni kupima nani anatumia nishati kiasi gani, yaani kaya, viwanda, usafirishaji, kilimo na huduma. Viwanda vilikuwa na mita, hivyo havikumsumbua, lakini majikoni hapakuwa na mita, na alipoagizwa ahesabu magunia ya mkaa aliuliza ni gunia la nani, la muuzaji au la mnunuzi, akachukua mizani ya kuning'iniza, akawa anapima mkaa wa kila nyumba asubuhi na kuupima tena jioni, mpaka akina mama wakatania kwamba huyu ni mama mkwe aliyetumwa na serikali.

Humo kazini ndimo alimokuta kosa lililoamua maisha yake. Dizeli yote iliyouzwa vituoni iliandikwa kuwa ya usafirishaji, kwa hoja kwamba imetoka kwenye pampu ya magari, naye asiridhike, akaenda kusimama kituoni, akawa anawauliza wabeba madumu mafuta yao yanakwenda wapi. Huko ndiko alikolipata jina, na mume pia, maana mwaka 1984 kijana mmoja mwenye kinu cha kusaga nafaka alimjibu, "Yanakwenda kusaga unga, dada, au umeona mgongoni mwangu kuna magurudumu?" Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa binti, ambaye ni fundi umeme, na mwana, ambaye ni mwalimu.

Mwaka 2003, dada akiwa mkuu wa kitengo, mafuta yaliadimika nchini, ikaamuliwa kwamba mgao ufuate jedwali la matumizi, na jedwali lililoletwa mezani kwake lilikuwa lile la zamani, linaloonyesha kwamba dizeli yote ni ya magari na mashamba hayatumii hata kidogo, ilhali utafiti wake ulionyesha kuwa karibu theluthi moja ya dizeli hiyo huendesha pampu za kumwagilia, vinu na jenereta za zahanati. Mkurugenzi alimwambia, "Mama, weka sahihi tu, tutarekebisha mwakani." Akamjibu, "Na watu nao wale mwakani?" Maneno haya sikuyasikia mwenyewe, ila nimeyapata kwa mashahidi wawili wasiopatana kwa jambo lingine lolote.

Hakutia sahihi. Jedwali lilitoka na sahihi ya mtu mwingine, mashamba hayakupewa kitu, na pampu zilizosimama na mboga zilizokauka hizo niliziona kwa macho yangu. Ilisemwa kwamba alikuwa akipigania kinu cha mumewe, madai ambayo nimeyapima na kuyakuta hayana miguu, kwa kuwa kinu hicho kilikuwa kimehamia umeme miaka mitatu kabla. Sidai kwamba angeyaokoa mavuno yote, ushahidi huo sina, nadai tu kwamba alisema kweli wakati kweli ilipohitajika, akalipwa kwa kuhamishiwa stoo ya viti vibovu, alikokaa mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2018.

Jana ofisi yake ya zamani iliniomba niseme hapa kwamba alihamia stoo kwa maombi yake mwenyewe. Sisemi. Anayesema hivyo aje asimame nilipo, mbele ya jeneza hili.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, na wodini, umeme ulipokatika na jenereta ikanguruma, alimwuliza muuguzi dizeli ile inaandikwa kwenye sekta gani, akaambiwa, "Mama, hebu lala." Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2024, wanawe wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, waliokuwa wakishuka stoo kumjulia hali na waliokuwa wakipita mbali, kila mmoja kwa kiasi chake, kwani yeye mwenyewe asingekubali wapewe sawa.

Pumzika kwa amani, dada. Jedwali lao bado halina sahihi yako.