Alama ya Ukanda

Kwenye tuktuk ya Makutano, Shosho Kinya, ajuza wa kijiji chetu, alikuwa akimlaumu Mukiri, kijana aliyechora wanawake wa zamani, mama yake shosho akiwemo, ukutani mwa kiwanda chetu cha kahawa. "Mamangu hakuwahi kupigwa picha, ana huo mchoro wako tu. Na umembebesha gunia kichwani kama mtu wa Mombasa! Sisi tulibeba mgongoni, ukanda ukipita kwa paji la uso." "Lakini shosho, wageni wa kiwanda wanakuja kesho, nitachora upya saa ngapi? Na uso si nilitoa kwako?" "Ulitoa nusu." Nilitazama nje nisicheke.

Tuktuk iliposimama, shosho alisukuma kitambaa chake cha kichwa nyuma, akapitisha kidole cha Mukiri kwenye bonde jembamba lililochimbwa na ukanda pajini mwake. "La mama lilikuwa na kina zaidi," alisema, akashuka.