Bwana Ongodia na Safu ya Nchi za Nje

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi, Bwana Yokonia Ongodia, karani mkuu wa takwimu za biashara katika kituo chetu cha forodha hapa Malaba, anastaafu Jumamosi tarehe 30 Juni 1979. Anaacha meza iliyopakwa wino hadi miguuni, na wenzake ambao bado hawajui ni nani atakayeweza kusoma mwandiko wake.

Alianza kazi Busia mwezi Februari 1950, akinakili stakabadhi za malori. Mwaka 1958 alihamishiwa Malaba, akapewa kazi ya kuandika kila kilichovuka mpaka: sabuni, chumvi, saruji na mabati kwenda Uganda, sukari, chai na pamba kuja huku. Mwaka huohuo Kenya ikaanza kununua umeme wa Uganda, na hapo Bwana Ongodia akapata tabu yake ya kwanza. Umeme hauna gunia, hauna dereva, wala haupangi foleni. Wazee wa kituo wanasimulia kwamba alishinda mchana kutwa chini ya nyaya akitafuta mahali pa kuuhesabia, mpaka alipoambiwa kwamba mita ziko kwingine. Jioni aliandika kwenye daftari: “Umeme umepita. Sikuuona.”

Miaka yote hiyo, Uganda haikuwa nchi ya nje vitabuni mwetu. Uingereza ilikuwa ya nje, Japani vilevile, lakini Uganda na Tanzania zilikuwa na safu yao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika katikati ya mwaka 1977, tuliagizwa kuiandika Uganda kwenye safu ya nchi za nje. Tulichanganyikiwa sote. Bi. Roselida Nabwire, ambaye kila Jumatano alileta mtama wa kuuza kutoka ng'ambo ya mto wa mpakani, alipewa fomu ya bidhaa za kigeni. Aliigeuza huku na huku, kisha akauliza, “Mzee Ongodia, kwani mto umehama?”

“Mto uko palepale, mama,” akamjibu. “Ni sisi ndio hatujui tuko wapi.”

Hakuwa anatania. Mwezi Oktoba, wafanyakazi wote wa Jumuiya, naye akiwemo, walijaza fomu ili kila nchi ichukue watu wake. Wenzake walimshauri aandike kwamba alizaliwa Amagoro, upande wa Kenya, anakoishi. Yeye akaandika ukweli: alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Tororo, akavushwa akiwa mgongoni mwa mama yake. Baada ya wiki mbili jina lake halikuonekana kwenye orodha ya zamu ya Kenya. Tuliulizia upande wa pili. Kule nako halikuwepo. Kwa miezi mitano alifika kila asubuhi, akafungua daftari na kuandika, wala hakuna aliyeweza kusema ni mfanyakazi wa nani. Alikonda hadi mkanda wake ukahitaji tundu jipya.

Januari 1978 alikuja afisa kutoka mji mkuu, aliyekuwa akiandaa kitabu cha hali ya uchumi wa nchi. Ndiye pia aliyetakiwa kutoa maoni kuhusu makarani wenye utata kama huo. Alitazama jedwali la mwaka, uso ukamchangamka.

“Wazee, mauzo yetu ya nje kupitia hapa yamepanda ajabu!”

“Hayajapanda, bwana,” akasema Bwana Ongodia. “Jirani ndiye amebadilishwa jina. Saruji ni ileile, tena imepungua.”

“Mzee, unajua kwamba kesi yako iko mezani kwangu?”

“Najua. Lakini naomba uandike chini ya jedwali kwamba safu imebadilika. Anayesoma asidanganyike.”

Afisa alifunga faili, akaondoka bila kuaga. Bwana Ongodia akarudi kwenye daftari lake. Tulidhani kazi yake imekwisha siku hiyo.

Mwezi Machi ikaja barua ya mistari miwili: abaki kazini. Haikutoa sababu. Kitabu nacho kilipochapishwa, chini ya jedwali kulikuwa na maelezo aliyoyaomba, kwa herufi ndogo kuliko punje za wimbi. Je, afisa yule alibadili moyo? Au kuna mwingine aliyeingilia kati? Bwana Ongodia alimwandikia afisa kumshukuru. Alijibiwa kwamba afisa huyo amehamishwa, na haijulikani ni wapi. Hata leo ukimwuliza yaliyotokea, anakuna kichwa na kucheka.

Tangu wakati huo amewafundisha makarani sita, na kituo chetu hakijarudishiwa hata jedwali moja kwa kosa la hesabu. Anahamia shambani kwake Kocholia, ambako anasema atapanda karanga na hataandika chochote.

Ahsante, Mzee, kwa kututunzia ukweli hata ulipokuwa na bei. Mungu akupe afya, mvua ya wakati wake na usingizi usio na tarakimu.

Mwisho, tangazo kwa walio zamu getini Jumamosi. Dada yake mkubwa, Mama Egwang, atavuka kutoka upande wa Tororo asubuhi kuja kwenye sherehe. Tafadhali msimwandike safu yoyote. Mpisheni.

Hasina Chande, kwa niaba ya wafanyakazi